Santuri za Waliojipa Majina

Mwaka mmoja kabla Tanganyika haijawa huru, Mtanganyika mmoja alisimama mbele ya maikrofoni katika studio ya Bell Sound jijini New York akasoma shairi la uhuru kwa Kiswahili. Jina lake Tuntemeke Sanga. Ilikuwa Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijitawala. Wanamuziki waliokuwamo mle studio walikuwa zaidi ya ishirini, na majina yao yanatosha kumfanya mpenzi yeyote wa jazi asogeze kiti: Max Roach kwenye dramu, Ron Carter kwenye besi, Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef na filimbi yake, Babatunde Olatunji wa Nigeria kwenye ngoma. Shairi aliliandika Langston Hughes. Muziki ulitungwa na Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, mrefu wa kupindukia, na aliyekaa chini akakipangia kila chombo sehemu yake alikuwa Melba Liston, mpiga tromboni, mmoja wa wanawake wachache sana waliopata kiti katika bendi kubwa za zama zile. Jina la Melba huandikwa kwa herufi ndogo kila mara, ndiyo maana nalitaja mapema.

Kazi ile inaitwa Uhuru Afrika. Ina sehemu nne, na mbili kati yake, "Uhuru Kwanza" na "Kucheza Blues", zimeanzia kwenye lugha yetu. Weston alilelewa na baba aliyemfuata Marcus Garvey, aliyemwambia tangu utotoni kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Katika kumbukumbu za maisha yake anaeleza kwamba alitaka lugha ya Kiafrika isikike katika kazi hiyo, akaenda kuwauliza wanadiplomasia wa Kiafrika wa Umoja wa Mataifa. Wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Santuri ikatoka mwaka 1961, na mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ikaipiga marufuku, maana yake waliielewa vizuri.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia. Mimi huendelea kulisoma jalada mpaka chini kabisa, kwenye maandishi ya lebo. Lebo ni Roulette, na Roulette ilikuwa ya Morris Levy, mtu ambaye historia ya muziki wa Marekani inamkumbuka kwa kuandikisha jina lake kama mtunzi wa nyimbo ambazo hakuzitunga na kwa usuhuba wake na magenge ya wahalifu. Mwaka 1988 mahakama ilimtia hatiani kwa kula njama ya kupora kwa vitisho. Sauti ya Sanga ikitamka uhuru, mikono ya Roach, jasho la Melba na kalamu yake, vyote vilinaswa kwenye utepe uliokuwa mali ya Levy. Tangu nilipoanza kukusanya santuri za namna hii, kila ninaponunua moja najiuliza mambo mawili: jina ni la nani, na sahani ni ya nani.

Niseme ni jazi gani ninayoizungumzia, maana kwetu jina hilo lina watu wake. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz: hizo zilikuwa bendi za dansi, na mgeni akiambiwa kwamba nyumba hii ina santuri za jazi hutarajia gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Analipata, nalo lina rafu yake. Lakini nikimwekea saksafoni ya Albert Ayler ya mwaka 1964 hukaa kimya kidogo, kisha huuliza kwa adabu kama mashine haijaharibika. Hiyo ndiyo ninayoisema. Jazi ya kisasa, na ile iliyokwenda mbele zaidi baada ya Ornette Coleman kuingia klabu ya Five Spot mwishoni mwa 1959 na bendi isiyo na piano, ikaanza kuachana na mambo ambayo wasikilizaji waliyaona ni nguzo za nyumba: mfuatano wa sauti uliopangwa chini ya wimbo, mapigo ya kuhesabika, zamu ya kila mmoja kupiga peke yake.

Tunakutana Jumapili, watu wachache, kila mmoja na sahani yake kwapani. Desturi yetu ni kwamba aliyeileta sahani haruhusiwi kufungua mdomo mpaka upande wa kwanza uishe. Baada ya hapo ni ugomvi mpaka chai ipoe. Mkubwa wetu ni fundi redio mstaafu, tunamwita Mzee na yanatosha, na msimamo wake haujawahi kuyumba: jalada ni la kuzuia vumbi, muziki uko kwenye sahani. "Jina halipigi tarumbeta, mwanangu," huniambia kila ninapoanza habari zangu za majina.

Naye ana ushahidi. Mwaka 1958 Wilbur Harden na John Coltrane walirekodi kwa lebo ya Savoy kibao kinachoitwa "Tanganyika Strut". Ni kazi safi, mwendo wa kutembea kwa maringo, lakini ukiisikiliza kwa makini hutapata humo Tanganyika hata ya kulambia. Mwaka huohuo kule Tabora wanachama wa chama cha TANU walikuwa wakikesha kubishania kama washiriki uchaguzi wa kura tatu au wasusie, na hakuna chochote cha joto lile kilichofika studio ile ya New Jersey walikorekodi. Wangekiita kwa jina la mtaa wowote wa Detroit, nani angelalamika? Harold Land, mpiga saksafoni wa Los Angeles, alitoa Choma mwaka 1971, na kwa sisi wala mishkaki jina hilo lina harufu kabisa, ila sahani yenyewe ingekuwa tamu vilevile bila jina. Hata "Mr. Kenyatta" wa Lee Morgan, uliorekodiwa Februari 1964, miezi miwili tu baada ya Kenya kupandisha bendera yake, ni salamu kutoka mbali. Salamu njema, yenye heshima, na Wayne Shorter anapiga humo kama mtu mwenye habari ya kueleza. Lakini ni salamu. Waliopiga wote walibaki na majina yao yaleyale, kwenye lebo ileile ya Blue Note, kwa utaratibu uleule: wimbo, kisha wewe, kisha mimi, kisha wimbo tena. Kwenye piano alikuwa kijana wa Chicago aitwaye Herbie Hancock, akisubiri zamu yake.

Ninapoachana na Mzee ni hapa. Kukipa kibao jina la mbali ni jambo moja, na kujipa jina mwenyewe ni jingine, na hili la pili linasikika.

Aliyelieneza kati ya wanamuziki wale ni mtu ambaye leo vijana wanamjua bila kujua kwamba wanamjua. James Mtume alizaliwa Philadelphia mwaka 1946. Baba yake mzazi ni Jimmy Heath, mpiga saksafoni. Percy Heath wa besi ni baba yake mkubwa na Albert Heath wa dramu ni baba yake mdogo. Katika miaka ya 1960 akiwa California aliingia katika mafundisho ya Maulana Karenga, yule aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, na mafundisho yenyewe yaliitwa Kawaida. Desemba 1969 Mtume alimshawishi baba yake mdogo warekodi sahani yenye jina hilo. Don Cherry alikuwamo, Hancock alikuwamo, Buster Williams alikuwamo. Mtume ndiye aliyewagawia majina. Baadaye alipiga ngoma kwa Miles Davis kuanzia 1971 hadi 1975, na mwaka 1983 bendi yake ikatoa "Juicy Fruit", mdundo ambao Notorious B.I.G. aliuchukua mwaka 1994. Mtoto wa dada yangu anaujua mdundo ule kuliko anavyoijua sala ya asubuhi.

Hancock akatoka kwenye Kawaida akiitwa Mwandishi, na bendi yake nzima ikafuata. Buster Williams wa besi: Mchezaji. Billy Hart wa dramu: Jabali. Bennie Maupin, wa klarineti ya besi na saksafoni: Mwile. Julian Priester wa tromboni: Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga, jina la haki kabisa, kwa kuwa alikuwa daktari aliyesomea Chuo Kikuu cha Howard na kufanya kazi hospitalini San Francisco. Tunaosikia Kiswahili hatuwezi kuisoma orodha hiyo bila kutabasamu. Bendi yenye Mganga na Pepo jukwaa moja! Kwetu mmoja huitwa aje amtoe mwenzake.

Sasa weka sindano. Santuri ya Mwandishi ilirekodiwa San Francisco mwishoni mwa Desemba 1970 ikatoka mwaka uliofuata. Upande wa kwanza unafunguliwa na "Ostinato", waliyomtunukia Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa mahabusu akisubiri kesi. Besi inashika kipande kifupi, klarineti ya besi inakidaka kilekile na kukikalia. Jaribu kukifuata kwa mguu. Mapigo ni 15, hayafiki 16. Kila mzunguko unapoisha mguu unabaki hewani, kama mchezaji bao aliyeishiwa kete mkononi shimo moja kabla ya lile alilolikusudia. Wapiga dramu ni wawili, na wa pili ni kijana Leon Chancler, aliyejulikana kwa jina la Ndugu. Mwaka uleule Dar es Salaam kila mwana TANU alikuwa Ndugu Fulani. Hesabu ile isiyotimia ndiyo inayomzuia kila mtu kutulia. Tarumbeta ya Mganga inatokea, inajivuta, mwangwi wa mashine unaikimbilia. Piano ya umeme haimsindikizi, inambishia. Tromboni inaingia bila kuomba ruhusa. Ukifika katikati huwezi tena kusema huyu ndiye anayepiga na wale wanamwitikia. "Wandering Spirit Song", utunzi wa Priester, unachukua upande wa pili wote, zaidi ya dakika 20, na kuna mahali muziki unazama mpaka unaanza kusikia vumbi la sahani yako mwenyewe, halafu unachemka upya kutoka chini, polepole, hakuna anayejua nani aliwasha moto.

Linganisha piano hii na ile ya "Mr. Kenyatta". Vidole ni vilevile na kipaji ni kilekile. Lakini yule wa 1964 ni mwajiriwa hodari anayeijua zamu yake, na huyu wa 1970 hana zamu. Sisemi jina ndilo lililofanya kazi hiyo. Nasema watu walioamua kuitana upya waliamua pia mambo mengine: nani aongoze, lini, na kama kuna haja ya kiongozi. Hancock mwenyewe alikuwa mwenye bendi, mikataba ilisomeka kwa jina lake, na bado ndani ya muziki huo anakubali kupotea.

Mikataba, ndiyo. Mwandishi ilitolewa na Warner, kampuni kubwa, na kampuni haikujua iiuze kwa nani. Wakafuata na Crossings mwaka 1972, kisha Hancock akahamia Columbia akatoa Sextant mwaka 1973, na mwaka huohuo bendi ikavunjika kwa sababu ya kawaida kuliko zote: fedha. Watu sita, vyombo vya umeme, safari, na kumbi zilizojaa nusu. Lakini iliwezaje kuishi miaka yote hiyo? Hapa ndipo ninapopenda kumwambia Mzee anyamaze asikilize. Mwaka 1962, Hancock alipokuwa anaingia Blue Note kurekodi sahani yake ya kwanza, mpiga tarumbeta Donald Byrd alimshika sikio: watakuomba haki za utunzi, ukatae. Akaanzisha kampuni ndogo ya kumiliki tungo zake, akakataa, na Alfred Lion wa Blue Note akakubali shingo upande. Katika sahani hiyo kulikuwa na "Watermelon Man". Mwaka uliofuata toleo la Mongo Santamaría la wimbo huo likawa mashuhuri Marekani nzima, na fedha zikaanza kuingia kwa mtunzi. Fedha hizo ndizo zilizowalisha Mganga, Jabali na Pepo Mtoto barabarani. Bendi iliyokuwa mbele kuliko zote za wakati wake iliishi kwa mgongo wa wimbo wa kuchezea, kwa kuwa mtu mmoja miaka minane nyuma hakuuza alichokiandika.

Mzee alikaa kimya kidogo siku nilipomweleza hayo. Kisha akasema kwamba hilo ni suala la hati, na hati nayo haipigi tarumbeta. Sawa.

Mtume alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1971 Charles Tolliver na Stanley Cowell, mpiga tarumbeta na mpiga piano, walianzisha lebo ya Strata-East jijini New York. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuuishi: mwanamuziki anagharimia kurekodi, anakuja na utepe uliokamilika, lebo inautoa, utepe unabaki mali yake. Alkebu-Lan ya Mtume Umoja Ensemble ilitoka hapo mwaka 1972. Ilirekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa The East, Brooklyn, ambao chini ya paa lake kulikuwa na shule ya watoto weusi iitwayo Uhuru Sasa Shule. Pharoah Sanders ana sahani yenye jina la ukumbi huo. Gary Bartz naye mwaka 1971 alitoa sahani mbili, Taifa na Uhuru, na katika hiyo ya pili kuna wimbo "Uhuru Sasa", Andy Bey akiimba, ambao ukiwekwa kwenye hadhara yoyote ya Kiswahili watu huinua vichwa hata kama jazi hawaitaki. Alkebu-Lan si sahani rahisi. Ina hotuba, ina ngoma ndefu, ina mahali ambapo shauku inazidi ufundi, na nikiwa mkweli naiweka mara chache kuliko ninavyoisifu. Lakini hapo jina na sahani vilikuwa vya mtu mmoja.

Sun Ra alikuwa amekwisha kufanya hivyo kabla yao wote, kwa njia yake ya kichaa. Alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1914 kwa jina la Herman Blount, na mwaka 1952 akalibadili mahakamani akawa Le Sony'r Ra, mzaliwa, kwa maelezo yake, wa sayari ya Zohali. Pamoja na Alton Abraham wakaanzisha lebo ya Saturn mjini Chicago katika miaka ya 1950, wakachapisha sahani chache chache na kuziuza kwenye maonyesho yao. Majalada mengine yalichorwa kwa mkono na wanabendi. Nyingine hazikuwa na tarehe, nyingine zina upande mmoja wa mwaka huu na mwingine wa miaka ya nyuma, nyingine zina lebo nyeupe isiyo na neno. Julian Priester alipita katika bendi hiyo akiwa kijana, miaka mingi kabla hajawa Pepo Mtoto. Kwa mkusanyaji, Saturn ni mateso matamu: watu wazima wanaweza kukesha wakibishana kwamba filimbi inayosikika nyuma ni ya mwaka gani.

Ubishi wa namna hiyo una elimu yake, na ni haki kuueleza kidogo. Shika sahani ya Blue Note ya zamani uilaze chini ya taa. Kati ya mstari wa mwisho wa muziki na karatasi ya katikati kuna ukanda mweusi usio na sauti. Humo utaona herufi za Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi sehemu kubwa ya jazi tunayoipenda katika studio yake ya New Jersey, na ukiwa na bahati utaona alama ndogo inayofanana na sikio. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Plastylite kilichozichapa. Blue Note ilipouzwa kwa kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya 1960, sikio likatoweka, na bei ya leo inaanguka pale linapokosekana. Kisa cha Ascension ya Coltrane ni kitamu zaidi. Tarehe 28 Juni 1965 aliwakusanya watu 11, wakapiga kazi ileile mara mbili. Sahani ikatoka na pigo moja. Baadaye lebo ya Impulse ikaliondoa pigo hilo ikaweka la pili, jalada lilelile, jina lilelile, bila tangazo; dalili pekee ni maneno machache yaliyokwaruzwa kwenye ukanda ule mweusi. Kwa hiyo kulikuwa na watu wawili wakibishana kuhusu Ascension, kila mmoja akishangaa uziwi wa mwenzake, na kila mmoja alikuwa na muziki tofauti mkononi. Mzee anaipenda sana hadithi hii. Ni goli lake.

Bei nazo zina aibu yake. Sahani ya Strata-East iliyotoka kwa watu walioazimia kumiliki jasho lao, leo inapouzwa mnadani kwa fedha za kununulia pikipiki, mpiga tarumbeta hapati hata senti. Muuzaji anapata, mnada unapata, mimi napata la kuringia. Ndiyo maana katika kundi letu tunaheshimu toleo jipya lililotolewa kwa idhini ya mwenye kazi au familia yake, hata kama halina sikio wala harufu ya ghala. Wakusanyaji wa nchi tajiri hutucheka kwa hilo, na waache wacheke.

Tusijifanye kwamba haya ni ya kwao peke yao. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vyombo ni vya chama, mishahara ni ya chama, jina ni la chama. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA bendi ikaitwa JUWATA, kilipogeuka OTTU nayo ikawa OTTU, na wanamuziki walewale waliamka asubuhi wakiwa na jina jipya ambalo hawakuulizwa. Msondo Ngoma lilikuja mwishoni, likitoka mitaani. Kanda zao zililala kwenye makabati ya redio ya taifa. Mtu aliyekulia hapo akisikia kwamba kule Brooklyn wanamuziki waligharimia utepe wao ili ubaki wao, haoni ni siasa za mbali.

Kuna swali ambalo kijana mmoja wa kundi letu huliuliza kwa ukali, na ana haki. Mababu wa wanamuziki hawa wa Marekani walichukuliwa zaidi Afrika Magharibi na Kongo na Angola. Kiswahili kilikuwa lugha ya Pwani, lugha ya misafara, lugha waliyoisikia mateka waliofungwa minyororo kutoka bara kwenda Kilwa na Bagamoyo. Wanajivika lugha ya aliyeshika kamba? Nimemsikia akiliuliza baada ya "Uhuru Kwanza" kuisha, na chumba kikawa kizito. Jibu langu si kamili. Kiswahili cha 1960 kilikuwa tayari kimepita mikono mingi. Kilikuwa cha makuli wa bandari, cha wanajeshi waliorudi kutoka Burma, cha mikutano ya TANU, na ndiyo lugha ambayo Sanga alikuja nayo studio. Waliokichagua New York na Los Angeles walihitaji lugha isiyo ya kabila moja, kwa kuwa wao wenyewe hawakuachiwa kabila. Kijana hakuridhika. Alisema lugha haioshwi kwa kubadilisha wasemaji. Tuliweka sahani nyingine.

Tuliyoiweka ilikuwa Dark Magus ya Miles Davis, ya Carnegie Hall, 30 Machi 1974, ambayo kwa miaka 20 ilipatikana Japani tu. Mtume yuko kwenye ngoma, na vipande vinne vimepewa namba: "Moja", "Wili", "Tatu", "Nne". Hiyo "Wili" hutuletea kicheko kila mara, ingawa mimi naona mtu alifungua kitabu cha sarufi akakuta mizizi imepangwa, na hakukosea hata kidogo. Ni muziki mkali, magitaa matatu, hakuna wimbo wa kushika. Miles wa miaka ile alitoa pia "Calypso Frelimo", dakika 32, jina la chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kilichokuwa bado vitani kibao hicho kiliporekodiwa mwaka 1973. Mzee, mpinga majina, alisikiliza "Moja" mpaka mwisho akiwa amefumba macho, kisha akaomba irudiwe kwa sauti kubwa zaidi. Nilimuuliza kama angeipenda vilevile ingeitwa kitu kingine. Akasema angeipenda hata ingeitwa Jumatatu.

Kilichobaki kati yetu ni rafu. Mzee anampanga Hancock kwenye H, sahani zote pamoja, kuanzia ile ya "Watermelon Man" mpaka za miaka ya 1980, kwa kuwa mtu ni mmoja na ndiye anayelipwa. Sun Ra anamweka kwenye R. Mimi Mwandishi naiweka kwenye M, jirani na Lee Morgan na Mtume, pamoja na Crossings na Sextant, na Hancock mwingine anakaa kwake H. Mzee anasema hiyo ni kuvuruga maktaba, na mgeni akija kutafuta hataona kitu. Kijana wetu anasema zote ziende kwenye N, kwa New York. Inside Out ya Eddie Henderson imeletwa wiki iliyopita na haina pa kukaa mpaka tukubaliane.